Rundo Mlangoni kwa Bi Siwatu

Mama mmoja alikuwa na wana wawili na kilima kimoja. Jina lake Bi Siwatu. Mkubwa aliitwa Singano, mdogo aliitwa Mahimbo, na kilima chenyewe kilijaa nyumba, za ndugu na za wapangaji, kutoka kileleni hadi karibu na bonde. Mumewe alipokuwa hai alifanya kazi ambayo watu hawaitaji wanapotaja kazi za maana: alizoa taka za nyumba zote zile. Asubuhi alipita mlango kwa mlango na tenga lake, akichukua maganda ya ndizi, majivu, matambara, mifupa, kila kitu ambacho mtu akishakitoa ndani hataki kukiona tena. Akavibeba mpaka shimoni kule bondeni, akavifukia. Wakati wa mavuno kila nyumba ilimpa mahindi, na watoto walimwamkia kama wanavyomwamkia shehe. Siku zile mgeni akipanda kilima kile alisikia harufu ya maua ya kahawa na moshi wa kuni, basi.

Yule mzee akafariki. Mjane hukaa eda, lakini taka hazikai eda. Arobaini haijafika, milango yote imeanza kunuka. Singano akasema kazi ile ni nzito kwa mtu mmoja. Mahimbo akasema hivyo hivyo, na kwa kweli hapo hawakusema uongo. Basi Bi Siwatu akawaita, akawagawia. Singano atakusanya kutoka milangoni na kuleta mpaka nyumbani kwa mama, pale katikati ya kilima. Mahimbo atachukua kutoka hapo na kushuka nazo mpaka shimoni. Jirani mmoja alimuuliza, "Shoga, mbona unataka uchafu wa kilima kizima upite mlangoni kwako?" Akajibu, "Nawajua wanangu. Mkubwa ana kiburi cha kimya, mdogo ana kiburi cha maneno. Nikimpa kila mmoja njia yake watasahauliana. Acha wakutane kwangu kila asubuhi, wanywe uji, mmoja ampokee mwenzake mzigo."

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Msimcheke. Ninyi mliokusanyika hapa leo kutoka halmashauri mbili, mkigombea nani azoe taka za barabara ile inayowapakanisha, mmenialika nifungue kikao kwa maneno mafupi na dua. Dua nitaomba. Maneno mafupi ndiyo haya, na mkiona yanarefuka, vumilieni, maana nimewahi kuvumilia vikao vyenu.

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Singano alifika na tenga kichwani, Mahimbo alitoka jikoni kwa mama akiwa bado anajifuta mdomo, akampokea. Walitaniana. Mama alikaa kwenye kigoda akiwatazama, na nadhani hakuna mtu kilimani aliyekuwa tajiri kumshinda asubuhi zile. Ndivyo kazi ya watu wawili inavyopaswa kuwa: huyu anajua uzito wa mzigo kwa sababu ameubeba, na yule anaujua kwa sababu ameupokea kwa mikono yake.

Siku moja Mahimbo alikwenda kuzika ng'ambo ya mto, kwa wakwe zake. Hakukosea, mazishi ni mazishi. Singano akafika na tenga, akangoja, uji ukapoa, akachoka. Nyuma ya nyumba ya mama, upande wa juu, palikuwa na uwanja mdogo. Akamwaga mzigo pale, akakung'uta tenga. Mama akamwambia, "Mwanangu, si ungeufikisha tu leo? Mwenzio yuko msibani." Akasema, "Mama, kwangu mwisho ni hapa. Si ndivyo ulivyogawa?" Naye pia, ukimsikiliza vizuri, hakukosea. Jambo baya mara nyingi huanza hivyo, kila mtu ana haki yake mkononi.

Kesho yake Mahimbo akarudi, akakuta mzigo wa jana umelala chini, na kaka yake amesimama na mzigo wa leo kichwani. Akapokea wa leo. Ule wa jana akauangalia kwa pembe ya jicho, akasema, "Mimi nachukua cha leo. Kiporo ni cha aliyekilaza." Watu waliokuwa wakipita wakacheka, maana maneno yalikuwa matamu. Singano hakucheka. Alipanda zake bila kunywa uji, na siku iliyofuata alimwaga mzigo juu ya ule wa kwanza kabla mdogo wake hajafika, akaondoka.

Sasa, kwetu mnajua desturi ilivyo. Mdogo hamkosoi kaka yake usoni. Na kaka haokoti alichoacha mdogo, atajishushaje? Kwa hiyo hawakuambiana kitu. Mahimbo alimtuma mkewe kwa mke wa Singano, aseme kwamba taka zinaletwa zimechanganywa, majivu ya moto na maji ya samaki, na yeye ni mtu, si punda. Mke wa Singano akatumwa arudi kusema kwamba mwenye kuchagua mizigo afungue duka. Maneno yakibebwa na watu hayapungui njiani kama maji ya ndoo, huongezeka. Yalipofika mara ya nne hayakuwa tena habari ya majivu, yalikuwa habari ya nani alipendwa na marehemu baba. Ndugu wawili wa tumbo moja wakawa wanapishana mlangoni kwa mama yao kama watu wanaodaiana damu.

Rundo likakua. Na watu wa kilima, je? Ah, hao ndio sitaki kuwasahau. Walipoona pameshakuwa jaa, kila mtu alikuja na la kwake. Mwenye godoro lililooza alileta. Mwenye mbwa aliyekufa alileta. Ukimuuliza alisema, "Kwani mimi ndiye wa kwanza?" Na akishatupa alipita mbele ya nyumba ya Bi Siwatu akitema mate, akilaani wana wa yule mzee kwa uzembe wao, kisha anaingia kwake kwa amani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na uchafu wa mwenzio hauna hata harufu mpaka upepo ugeuke.

Harufu alikaa nayo mama. Nyumba yake ilikuwa chini ya uwanja ule, ukuta wa nyuma ukitazama rundo. Mwanzo alifunga dirisha la upande huo. Kisha akahamisha jiko, akapika mbele, kwenye baraza, kwa sababu nzi walitua kwenye sufuria kabla ya chumvi. Wageni wakapungua. Wanawake waliokuwa wakija kusuka ukili pamoja naye wakaanza kuumwa migongo wote kwa wakati mmoja. Akashikwa na kikohozi. Mvua ndogo za vuli zilipopita, maji machafu yalichuruzika kutoka kwenye rundo mpaka kwenye ukuta wake wa udongo, na ukuta ukaanza kuvimba. Alikuwa akiugusa kwa kiganja kila asubuhi, kama mtu anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Alijua masika yakija ukuta ule hautasimama.

Mtasema, si angehama? Wanawe walimwambia ahame, tena kwa mapenzi ya kweli. Singano alisema, "Mama, njoo kwangu kileleni, kuna hewa." Mahimbo alisema, "Mama, njoo kwangu, mkweo mdogo atakupikia." Akakataa kote. Alisema, "Nikihamia kwa mmoja nitakuwa nimemhukumu mwenzake. Wakisikia mama yuko kwa Singano, Mahimbo hatapanda tena kilima hiki." Basi akabaki pale katikati, mahali pekee ambapo wote wawili walikuwa bado wanafika, ijapokuwa sasa walifika kwa zamu na kwa kuviziana.

Aliwahi kujaribu mwenyewe. Alichukua ungo wa zamani, akachota taka, akaanza kushuka nao bondeni pole pole, ana kikohozi chake. Hakufika hata kwenye migomba ya kwanza. Wakwe zake wote wawili, wake wa wanawe, walimwona, wakaja mbio, kila mmoja kutoka upande wake, wakamnyang'anya ule ungo. "Mama, unatutia aibu! Watu watasema huna wana!" Wakamrudisha nyumbani, wakamkalisha, wakamfunika khanga. Ungo wenyewe wakaumwaga juu ya rundo. Nikifika hapa kila mara nashikwa na hasira. Walikuwa na mikono ya kumzuia asibebe, mikono ya kubeba hawakuwa nayo.

Hatimaye habari ikafika kwa wazee wa kilima, wakaitisha kikao. Kikao kilifanyika barazani kwa mwenye duka, mbali na harufu. Palichinjwa mbuzi. Wakala, wakashiba, wakanawa, ndipo wakauliza swali lililowaleta: lile rundo ni la nani? Wengine walisema ni la Singano, kwa kuwa yeye ndiye aliyelimwaga. Wengine walisema ni la Mahimbo, kwa kuwa limefika mahali pa kupokelewa. Hakuna aliyekwenda kulitazama. Hakuna aliyemwita Bi Siwatu, kwa kuwa ni mama mwenye wana, na wana wake walikuwepo wakamsemea. Mwishowe wakapata shauri ambalo liliwapendeza wote: rundo lipimwe, ligawanywe sawasawa. Kamba ikavutwa katikati yake, vigingi vikapigwa. Upande wa jua kuchomoza wa Singano, upande wa jua kuzama wa Mahimbo. Kila mmoja aondoe nusu yake kabla ya masika. Ndugu wakapeana mikono mbele za watu. Mama alipoambiwa alilia kwa furaha, akawachemshia wazee chai ya tangawizi, nao wakainywa wamesimama mbali kidogo.

Basi ikaonekana haki imetendeka. Kesho yake Singano akaja na koleo, akasimama upande wake, akatazama. Akagundua jambo ambalo kamba haikuwaambia. Rundo si mkate. Ukichimba upande huu, upande ule huporomoka ukajaza ulipochimba. Atakayeanza atabeba nusu yake, na akishaimaliza atakuta nusu ya mwenzake imemwagikia kwake, ndani ya kigingi chake, halali yake. Akasema moyoni, "Aanze yeye." Akaweka koleo begani, akarudi. Mchana Mahimbo akaja, akasimama, akatazama, akaona lile lile. Akasema kwa sauti, maana yeye ni wa maneno, "Mjinga ndiye atakayeanza." Akarudi naye. Tangu siku hiyo wakawa wanakuja kutazama tu, kila mmoja akichungulia kama mwenzake ameshaanza. Na walipoulizwa, kila mmoja alijibu kwa kiapo kwamba yu tayari, koleo analo, anamngoja ndugu yake. Nataka mlielewe vizuri hili, kwa kuwa hapakuwa na mvivu hata mmoja pale. Palikuwa na watu wawili hodari wanaoogopa kufanya zaidi ya mwenzao.

Mawingu yakaanza kukaa juu ya kilima. Bi Siwatu akawaita wote wawili siku moja, saa moja, na kwa kuwa ni mama hakuna aliyethubutu kukataa. Wakakaa barazani, huyu huku na huyu kule, macho chini. Wakamwamkia, akaitikia. Hakuwagombeza. Alikohoa mpaka akachoka, halafu akasema, "Wanangu, mimi mpaka siujui. Mimi najua nalala chini ya hicho mnachogombea."

Singano akasema, "Mama, nitaanza leo hii, yeye akianza." Mahimbo akasema, "Mama, wallahi, akipiga koleo la kwanza kaka, la pili ni langu." Akawatazama kwa zamu. Akasema, "Haya." Akainuka kwa kushika mlango, akaingia ndani, na wao wakaondoka, kila mmoja ameridhika kwamba amejibu vizuri.

Masika yalikuja asubuhi, watu wakiwa wanachemsha chai. Mvua ilipiga kama mtu anayemwaga mtama. Rundo lililewa maji, likakaa hivyo kwa muda, kisha likatembea. Halikufuata kamba. Halikusimama kuuliza upande wa jua kuchomoza ni upi. Lilikwenda lote kwa pamoja, la kaka na la mdogo na la majirani waliotema mate, likausukuma ule ukuta uliovimba, na nyumba ya Bi Siwatu ikalala kifudifudi.

Singano alisikia kishindo kutoka juu, Mahimbo alisikia kutoka chini. Walifika karibu wakati mmoja. Hawakuamkiana. Singano alianza kwa mikono mitupu, Mahimbo akarukia pembeni yake na koleo, na aliyechimba huku alipoishiwa na nafasi alichimba kule. Vigingi viling'oka, hakuna aliyejua vimeng'olewa na nani. Mahimbo alikuwa akiita, "Mama! Mama!" kama mtoto aliyepotea sokoni. Singano alikuwa akilia huku anachimba, na machozi ya mtu mzima yule yaliwatia watu hofu kuliko mvua. Na watu wa kilima walishuka wote. Mwenye godoro alikuja, mwenye mbwa alikuja, wazee wa kikao walikuja wamekunja kanzu. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba taka zisirudishwe pembeni, zitaporomoka tena, zishushwe moja kwa moja shimoni. Basi wakajipanga mstari kutoka nyumba iliyoanguka mpaka bondeni, wanawake na wanaume, wakapokezana matenga na ndoo na ungo, na hakuna aliyeuliza hili ni la milangoni au la shimoni, la jana au la leo. Kaka alikuwa akimjazia mdogo, mdogo akimjazia kaka.

Walimfikia. Alikuwa karibu na kitanda, amejikunja, kiganja kimeelekea upande wa ukuta. Mikono yake ilikuwa bado na joto kidogo, wakafurahi, wakamwita, wakampulizia usoni. Joto lile liliwadanganya. Singano alimbeba, Mahimbo akaishika miguu yake, wakatoka naye kwenye mvua, na wanawake wakatandaza khanga.

Ilipokaribia adhuhuri mvua ikapungua, na watu wakainua macho. Uwanja ule ulikuwa mweupe. Rundo lote, lililowashinda wana wawili na wazee na kikao na kamba, lilikuwa limeshafukiwa shimoni, na jua halijapinduka. Mikono ilikuwa ile ile waliyokuwa nayo jana. Makoleo yale yale, njia ya kushuka ile ile, shimo lile lile. Hawakuongezewa mtu, wala hakuna aliyekuja na shauri jipya.

Nimemaliza, waheshimiwa. Kabla sijaomba dua na kuwaachia kikao chenu, kuna jambo moja sijawahi kulipatia jibu, labda ninyi mnalo. Siku ile kilimani walipata nini, ambacho walikikosa siku zote mama yao alipokuwa hai akiwaomba?